Kijumba cha Rangi ya Waridi

Hebu niambie, umewahi kuzama na usiogope?

Mimi nimezama mara nyingi, na kuogelea sijui. Huwa nazama mchana, nikishakula, pale kwenye kiti changu cha kamba karibu na dirisha la jikoni, miguu juu ya kigoda, leso usoni. Jua linapita kwenye pazia la kijani na chumba chote kinakuwa maji. Kwanza nakuwa kwenye maji ya juu, yale ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na mwanga unacheza mikononi. Nashuka. Halafu, ghafla, vifundo vya miguu vinaguswa na baridi, kama mtu aliyetoka kwenye zulia akakanyaga sakafu ya saruji. Baridi inapanda magotini, kiunoni, mabegani. Ikinifika kidevuni nainua macho, naona lile joto limebaki huko juu kama blanketi alilofunikwa mtu mwingine. Na vitu vidogo vyeupe vinanyesha kunipita, kama unga unapochekechwa, havina haraka, vinakwenda chini kulala.

Ndoto hiyo si yangu hasa. Nimeiazima kwa mjukuu wangu.

Tunamwita Chiriku. Ndege mwenyewe, kama unamjua, hafungi mdomo tangu kunakucha. Mjukuu wangu, maneno yake ya siku nzima ungeyatia kwenye kisoda na kisoda kisijae. Jina alipewa na babu yake kwa utani, likamganda. Anakaa na mimi tangu alipopata kazi kwenye maabara iliyo nyuma ya bandari, jengo la chini lililotandaa, lenye milango mizito, na kazi yao huko ni kuosha matope.

Usicheke. Nilikwisha kucheka mimi.

"Mke mwenzangu," nilimwambia siku ya kwanza, "yaani umesoma miaka yote ile ukaajiriwe kufua udongo?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ukishaufua unauanika?"

"Tunaukausha kwenye oveni. Moto mdogo."

Nikaacha kucheka. Mtu akikujibu hivyo bila hata kutabasamu, ama ana wazimu ama anasema kweli.

Mambo ya kazi yake nilimtoa kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba, jioni tukiosha vyombo. Mimi naosha, yeye anafuta. Baharini, anasema, kuna viumbe wadogo kuliko punje ya chumvi. Si samaki, si wadudu, si majani, lakini kila mmoja hujijengea kijumba cha chokaa. Wengine huishi juu kabisa, kwenye jua. Wengine hukaa katikati, pale joto linapokatika ghafla. Wengine chini zaidi, gizani. Kila mmoja anajenga kwa maji ya pale anapoishi, na chokaa ya kijumba chake inabaki na alama ya joto la maji yale, kama ukuta wa jiko unavyobaki na harufu ya moshi hata wapishi wakihama. Akifa, kijumba kinashuka. Kinalala juu ya wenzake, na wengine wanakuja kulala juu yake, mpaka sakafu ya bahari inakuwa kama magodoro ya zama na zama.

"Sasa ukichukua tope la zama moja," akasema, sahani mkononi, "ukapima kijumba cha mkazi wa juu, ukapima na cha mkazi wa kati, unajua maji ya juu yalikuwa na joto gani, na ya chini yake joto gani. Unajua lile tabaka la vuguvugu lilikuwa nene au jembamba."

"Hata kama wenyewe wamekufa zamani."

"Zamani sana, Bibi. Kabla ya miji."

"Na ya nini kujua?"

Alifikiri. "Bahari ikijifunika vingine, mvua za huku juu nazo zinabadilika. Wanataka kujua ilivyowahi kulala, ili wakisie itakavyolala."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwake kwa mpigo mmoja. Siku iliyofuata, baada ya kula, nikazama kwa mara ya kwanza.

Sasa nikueleze ugonjwa wa ukoo wetu, kwa sababu bila huo hutaelewa kilichotupata. Sisi hatusemi tunachotaka. Ukituuliza, jibu ni "chochote tu." Marehemu mume wangu alikunywa chai isiyo na sukari tangu tulipooana. Nilidhani ndivyo anavyopenda, nikawa hata najisifu kwa majirani kuwa mume wangu ni mtu wa afya. Mpaka siku alipougua, nikampelekea chai ya mgonjwa, imekolea sukari. Akanywa, akakitazama kikombe, akasema, "Kumbe ipo." Alikuwa anadhani sukari ya nyumba ile ni ya wageni. Tulicheka mpaka akakohoa.

Chiriku amerithi kwa babu yake bila kupunguza kitu. Ukimuuliza ale nini, chochote. Alale wapi, popote. Nguo ipi, yoyote.

Basi jioni moja akifuta sahani akasema, bila kuniangalia, "Kuna meli inakwenda kuchota matope mapya. Mbali, kwenye kina kirefu. Nafasi moja imebaki."

"Atakwenda nani?"

"Yeyote tu."

Akaendelea kuifuta sahani ileile. Ilikuwa imekauka kitambo. Aliifuta mpaka nikaihurumia, maana ni ya maua na maua yenyewe yameshaanza kuchoka.

Nikajua anataka kwenda. Nilijua pia kwa nini hasemi. Msimu wa mvua uliopita niliteleza bafuni nikaumia nyonga, na tangu hapo Chiriku huniwekea simu kwenye kigoda cha bafuni nikiingia kuoga, halafu anakaa nje ya mlango, anajifanya anasoma. Aliona akiondoka, nitaanguka. Na mimi ningemwambia nini? Ningemwambia nenda, kwa masikio ya ukoo wetu angesikia "nimekuchoka." Ningemwambia baki, angebaki. Kwa hiyo nikasema, "Haya," nikampa kijiko akifute.

Ndivyo tulivyokaa. Kila mmoja amemshikia mwenzake mlango, na hakuna anayepita. Mkuu wake wa maabara, wanayemwita Daktari, alikuwa apeleke jina la mtu wa mwisho siku ya Ijumaa.

Jumatano Chiriku aliondoka akasahau chakula chake mezani. Si kawaida yake, huyo ni mtu wa kuangalia kufuli mara mbili. Nikachukua kibakuli, nikachukua mwavuli wangu ambao siku hizi ni fimbo yenye aibu, nikaenda taratibu mpaka nyuma ya bandari.

Alinifungulia Daktari mwenyewe, mwanamke wa kimo na kifua, miwani imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Karibu, mama. Mimi ndiye Daktari wa Matope. Usiniambie unaumwa wapi, sitibu mtu."

"Nimemletea chakula mke mwenzangu."

"Yuko ndani na wakazi wake. Ingia, ukawaone."

Nilipita kwenye chumba cha baridi kwanza, ambako matope yamelala kwenye mabomba yaliyopasuliwa kwa urefu, yamefunikwa plastiki, rafu juu ya rafu, kama watoto wa bweni. Rangi zao si moja: kuna kijivu, kuna ya majani makavu, kuna mstari mwembamba mweupe. Nikajikuta natembea kwa ncha za miguu. Mbele yake ni chumba cha kuoshea, sinki pana, bomba linalotoa maji kwa upole kama linamnawisha mgonjwa, na chujio la duara lenye matundu membamba mpaka unaona ukungu mtupu. Pembeni, beseni la maji ya buluu iliyokolea.

"Na hii ndiyo iliyompaka kucha buluu mke mwenzangu," nikasema. Miezi yote nilidhani ni wino.

"Hiyo ndiyo sheria yetu ya kwanza," Daktari akasema. "Ukishaosha kipande kimoja cha tope, unalisugua chujio, halafu unalizamisha humu. Kama kuna kijumba kimeng'ang'ania kwenye matundu, kinageuka buluu. Ukiosha kipande kingine, ukaona cha buluu ndani yake, unajua huyo ni mgeni. Ametoka kwenye tope lililotangulia. Unamweka kando."

"Mgeni anavaa sare."

"Anavaa sare. Bila hivyo wote ni weupe, hutajua nani wa zama zipi."

Chiriku alikuwa kwenye meza ya dirishani, jicho kwenye hadubini, mkononi brashi nyembamba kama kope. Aliruka aliponiona, kisha akaona kibakuli, akajipiga paji la uso. Akanipisha kwenye kiti chake.

Nikaweka jicho.

Sijui nikueleze vipi. Chini ya lile jicho la kioo kulikuwa na sahani nyeusi, na juu ya weusi ule, wamelala. Wengine ni mapovu matatu yaliyoshikana. Wengine wamejizungusha kama paka aliyelala. Mmoja alikuwa na vishimo vidogo mwili mzima kama mkate uliochomwa uma, mwingine laini mpaka mwanga ulipita ndani yake. Nikahisi maji ya vuguvugu yanapanda kwenye viti, kwenye madroo, kwenye lile koti jeupe la Chiriku lililotundikwa msumarini, na mimi nimekaa chini kabisa na hawa wananipita, juu, kati, chini, kila mmoja na nyumba yake mgongoni, na hakuna anayezungumza. Ningekaa hapo mpaka leo.

"Na huyu wa waridi," nikasema, "mbona mzuri hivi?"

Nikainua kichwa.

Daktari alikuwa amevaa miwani. Aliinama, akaangalia, akakaa hapo kitambo. Chiriku hakuhitaji kuangalia. Alikuwa anazitazama kucha zake.

"Binti," Daktari akasema polepole, "wa waridi wametoweka lini katika bahari hii?"

"Zamani. Chini sana kwenye bomba."

"Na hiki ni kipande cha wapi?"

"Cha juu."

"Kabla yake uliosha kipi?"

"Cha chini."

"Chujio ulilitia rangi?"

Maji ya bomba yalikuwa yanadondoka.

"Nilidhani nimelitia," Chiriku akasema. "Sikulitia."

Daktari akavua miwani. Hakufoka. Akanigeukia mimi, labda kwa kuwa ndiye niliyekalia kiti. "Unaona, mama, huyu mwenye rangi amejitaja mwenyewe. Lakini wenzake aliokuja nao ni weupe kama wenyeji, na sasa wamekaa meza moja. Tukiwapima, tutaambiwa bahari ilikuwa na joto ambalo halikuwapo."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Kila bomba limepasuliwa nusu mbili, nusu ya pili iko kwenye baridi. Ataosha upya." Kisha akamtazama Chiriku. "Ila melini hakuna nusu ya pili. Tope likiharibika kule, tumekwenda kutalii. Nitakayemchukua awe anataka kwenda kwa moyo wake wote, maana anayekwenda kwa 'yeyote tu', akili yake itabaki nchi kavu, na chujio litajua. Nilikuuliza, ukanijibu yeyote. Keshokutwa napeleka jina."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Ulishafika kwenye meno. Ningesema tu, Daktari, huyu anaitaka meli hiyo mpaka amesahau chakula chake na amesahau rangi. Nikaumeza. Haukuwa mdomo wangu uliokuwa unasubiriwa.

Chiriku akasema, "Naomba nioshe upya." Basi.

Usiku ule alikula nusu sahani, akaangalia kufuli mara tatu, akaenda kulala.

Alhamisi alirudi mapema, ameosha kipande upya, buluu imekolea kutoka kuchani mpaka kwenye viungo vya vidole. Jua lilikuwa bado limeshika pazia. Nikapika chai, nikaimimina vikombe viwili, nikafungua kopo la sukari, nikachota kijiko na kukiinua juu ya kikombe chake.

"Vijiko vingapi?"

"Vyovyote, Bibi."

Kwa kawaida namtilia kimoja. Siku hiyo mkono wangu ulikaa hewani.

Akangoja. Nikangoja. Mvuke ulikuwa unapanda, ukapungua, ukaanza kufikiri kama uendelee au uache.

"Bibi, chai inapoa."

"Nimeiona. Naisubiri na yenyewe."

"Weka tu vyovyote."

"Hakuna kijiko kinachoitwa vyovyote. Nimetafuta dukani. Kuna kimoja, kuna viwili."

Akanikazia macho, na nikaona kona ya mdomo wake inahangaika. Sukari ikawa inadondoka mezani punje moja moja, na mimi sishushi.

"Vitatu," akasema.

"Vingapi?"

"Vitatu, Bibi. Tangu nimekuja hapa nataka vitatu."

Nikatia vitatu. Kwa kweli niliona wivu kwa niaba ya babu yake. Sikukoroga. Nikamsogezea kikombe, nikakaa.

"Sasa na mimi niseme yangu," nikamwambia. "Nataka uende kwenye meli hiyo. Nataka pia ubaki, ukae nje ya mlango wa bafu ukijifanya unasoma. Nayataka yote mawili, na yote mawili ni yangu. Nimekwisha kuyatia buluu. Usije ukayachanganya na lako."

Aliinamisha kichwa. Nilidhani analia, kumbe anazitazama kucha zake tena, kidole kimoja kimoja.

"Na bafuni?" akauliza.

"Bafuni nitakuwa naimba. Fundi cherehani wa nyumba ya pili anakuja kukaa barazani kila nikioga. Nikinyamaza, anavunja mlango. Nimeongea naye leo asubuhi, amefurahi kupita kiasi. Nadhani mlango ule anautamani siku nyingi."

"Bibi, wewe huwezi kuimba."

"Ndiyo maana atajua ni mimi."

Akacheka. Kicheko chake ni kifupi, kama mtu aliyeona kitu chini ya maji. Kisha hakikubaki kitu usoni mwake ila ule utulivu anaokuwa nao kwenye hadubini. Mwanga wa kijani ulikuwa umefika mezani, umepanda kwenye vikombe, umefika mabegani kwake, na nikaona tumeshazama wote wawili, jiko na sisi, yeye amekaa palepale panapokatika joto.

Nilikuwa na neno la methali karibu, lile la mficha uchi. Nikaliacha. Mtu akishafika mlangoni humsukumi.

Chiriku akaivuta simu. Huyu hapigi simu, afadhali atembee mji mzima. Akabonyeza, akaiweka mezani kati ya vikombe, sauti imefunguliwa, labda alitaka niwepo, labda mikono haikumtosha kuishika.

Ikalia. Ikaita tena. Kisha sauti ya Daktari, na nyuma yake maji yanatiririka kwenye lile sinki pana.

"Naam, binti. Kuna nini, kipande kimeharibika tena?"

Chiriku akafungua mdomo. Niliangalia kikombe chake, sukari ilikuwa imelala chini, nyeupe, haijaguswa, na juu yake chai imetulia.

"Halo?" Maji kule yakafungwa. "Upo?"

Akachukua kijiko, akakoroga mara moja, polepole, mpaka chini.

"Nipo, Daktari," akasema. "Nataka kwenda mimi."